Kitenge Nimekitoa Sandukuni

Riziki mwanangu,

Umeme umekatika tangu asubuhi, kwa hiyo leo huwezi kusema najificha nyuma ya mashine. Nimekaa kwenye meza ya kazi ya marehemu baba yako, nimepangusa vumbi kwa kiwiko, nakuandikia. We uko kanisani, wanakwaya wanakuaga, na najua mtaimba mpaka jua lizame, mtalia wote, na hakuna hata mmoja atakayekumbuka kukupa chakula. Afadhali. Nikikuona mbele yangu siwezi kusema haya. Nitaanza kukugombeza juu ya viatu, kama kawaida yangu.

Mambo ya sweta, baridi na majiko ya kule ng'ambo wanakohamishia wakimbizi hayanihusu. Mama mchungaji amekufundisha wiki nzima, na yeye mwenyewe hajafika hata Kigoma. Mi nina mengine.

Kwanza, kile kitenge changu cha njano ulichokikunja chini kabisa ya sanduku, chini ya Biblia, nimekitoa. Usinune, usikitafute. Kiko kwenye kamba, mahali pake. Nilikusikia ukimwambia rafiki yako, "Nabeba kitenge ya mama, akifika aikute." Akifika wapi, Riziki? Kwa daktari wa safari tulikuwa wote, tumekaa bega kwa bega. Alitundika picha ya kifua chako kwenye taa, akasema safi. Akatundika yangu, akavua miwani. We ndiye uliyenishika mkono. Ulisikia kama nilivyosikia: mapafu haya hayawezi kupanda ndege, na hayatapona. Hakusema labda. Nilimwuliza kwa Kiswahili, akajibu kwa Kiswahili, ili tusije tukasingizia Kifaransa chake.

Lakini tangu siku ile unazunguka mtaa wetu wote wa Cibitoke ukisema mama atafuata. Kwa muuza mkaa, mama atafuata. Kwa watu wa maombi, tuombeeni, mama atafuata. Jana tukiwa tunakula ukageuza maneno, ukasukuma sahani.

"Mama, mi siendi bila we."

"Utaenda."

"Siendi. Batanifanya nini? Batanifunga?"

"Kula bugali yako."

"Mama, mi niko nakuambia kitu!"

"Na mi niko nakuambia: kula."

Hukula. Samaki wako, zile ndagala, wakaliwa na paka wa jirani. Mi nikatoka kukohoa nje, we ukafikiri nalia. Sikuwa nalia. Nilikuwa na hasira, juu yako, juu ya yule daktari, juu ya Mungu pia, anisamehe akitaka. Kesho asubuhi gari linakuja kukuchukua na nataka ulipande. Hicho tu ndicho ninachokitaka duniani sasa. Vingine vyote nimeshaacha kuvitaka.

Sasa kuna jambo la Jumapili. Ulisimama mbele ya kanisa kutoa ushuhuda, umevaa vizuri, unasema vizuri. Ukasema, "Kifua yangu iko muzuri juu mama alinikinga. Alinikataza kuingia mu atelye, alijua ile vumbi itaniua." Watu wakapiga makofi. Wamama wakageuka kuniangalia, mmoja akanikumbatia mpaka nikakosa hewa. Mi nikatazama sakafu. Walidhani ni unyenyekevu. Ilikuwa aibu, mwanangu, kwa sababu si kweli, na sitaki upande ndege na uongo huo kichwani.

Basi nikuambie ilivyokuwa.

Tulipovuka kutoka upande ule wa ziwa, kule Congo, we ukiwa mgongoni, baba yako Elia hakuwa na kitu isipokuwa ufundi wa mbao. Alianza kwa kukodi kona katika atelye ya seremala mwingine, baadaye ndipo akapata hii yetu. Alijulikana kwa mikono ya viti. Watu wa mji huu wanapenda kochi lenye mkono uliopinda, unaoanzia juu, unashuka taratibu, halafu unajikunja mbele. Kichwa cha kitanda cha arusi nacho lazima kiwe na nundu mbili na bonde katikati, la sivyo bibi arusi atasema ameletewa mlango. Elia alikata mipindo hiyo kwa msumeno mwembamba bila kutoka nje ya mstari. Lakini msumeno unaacha meno kwenye mbao. Palipo sawa unapiga randa, yamekwisha. Ndani ya bonde randa haiingii. Kwa hiyo mi nilikaa chini na msasa niliouzungushia mpini wa ufagio, nasugua mkono mmoja wa kiti tangu asubuhi mpaka saa ya kuwasha mkaa. Vidole vilichubuka mpaka nikawa nakula kwa kijiko.

Halafu siku moja Elia akarudi kutoka bandarini anacheka peke yake njiani. Alibeba kitu ndani ya gazeti. Ilikuwa ngoma ya mpira, nene kama kopo dogo la maziwa ya unga, ina chuma katikati na nati juu. Mfanyabiashara mmoja aliileta kwenye meli ya mizigo kutoka Kigoma pamoja na misumari yake, hakujua hata ni ya nini. Juu ya ngoma hiyo unavishwa msasa wa mviringo, kama bomba fupi. Ukikaza nati, mpira unavimba na kuushika msasa usizunguke ovyo. We ndiyo kwanza ulikuwa unaanza kusema vizuri. Uliangalia, ukasema, "Mama, iko uchi! Baba aivalishe soksi yake!" Tangu siku hiyo ule msasa ukaitwa soksi, na wateja nao wakaita soksi.

Elia aliifunga ngoma kwenye mashine ya kutobolea, ile ya kusimama, mahali panapokaa chuma cha kutobolea. Akatengeneza kisanduku chenye tundu juu, ngoma ikazama kidogo ndani ya tundu ili hata ukingo wa chini wa mbao usuguliwe. Akawasha. Nikapeleka mkono wa kiti pale, na nakwambia Riziki, ile kazi ya kutwa iliisha chai yangu bado ina moto. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Elia naye akacheka, na vumbi jekundu la libuyu, ile mbao ngumu ya Congo, likatukalia kwenye kope.

Niliipenda kazi ile. Acha niseme nilivyoipenda, hata kama haitakusaidia kitu huko uendako. Mbao unaipeleka kinyume na ngoma inavyozunguka, maana ukiifuata inakunyang'anya na kuitupa ukutani. Hukandamizi. Unagusa tu, unasikiliza. Soksi ya punje kubwa inanguruma, ya punje ndogo inanong'ona. Ukisikia sauti imepanda na harufu kama ya karanga zinazoungua, ujue soksi imejaa, itaacha alama nyeusi. Unaiteremsha kidogo, sehemu mpya ije juu, halafu unaendelea. Na husimami. Hata kufumba na kufumbua husimami, kwa sababu ukisimama ngoma inachimba shimo, na mbao iliyokwisha kuliwa hairudi. Najua unangoja niseme maisha nayo ni hivyo. Apana. Naongea juu ya mikono ya viti.

Soksi zenyewe zilikuwa shida. Zikiletwa, zinakuja chache, halafu zinapotea madukani muda mrefu. Elia akaanza kuzishona mwenyewe, nasema kushona, kumbe ni kubandika. Anakata msasa wa kawaida, anauzungusha, anaunga kwa kole, ile gundi ya mbao. Mara ya kwanza aliyalalisha maungio upande usiofaa, yakaja kukamatwa na mbao, soksi ikapasuka kwa mlio kama wa bunduki. Nililala chini ya meza. We ulishaanza kuimba kwenye kwaya ya watoto, ukaenda kutangaza kanisa zima kwamba mama ameogopa soksi.

Shida ya pili ilikuwa verni, ile rangi ya kung'arisha mbao. Tulipaka verni uani, na vumbi la mashine lilitoka dirishani likakalia viti vibichi vinavyong'aa. Wateja wakanung'unika. Ndipo mimi, kwa akili zangu, nikafunga dirisha. Nikalipigilia na gunia kabisa. Nikaweka na kitambaa chini ya mlango. Viti vikatoka safi kama kioo, na nikajisifu kwa hilo, nikamwambia kila mteja, "Gusa, gusa, hakuna hata chembe." Chembe zote tulikuwa tunazivuta mi na baba yako.

Sasa tuje kwako. Ulikuwa msichana mkubwa, umefunga shule, ukaniomba nikufundishe. Nikakupa mkono wa kochi la mteja wa Gihosha, mtu mwenye maneno mengi. Ulianza vizuri. Kisha nje wakapita watu wa arusi wanaimba, ukageuza kichwa, mikono ikasimama. Ngoma ikachimba. Ungeniita. Hukuniita, ukaanza kusugua kushoto kwa shimo, halafu kulia, halafu kushoto tena, ili paonekane sawa, mpaka mkono wa kiti ukawa mwembamba kama mguu wa kuku. Nilipouona nikakuzimia mashine.

"Toka! Toka mu atelye yangu!"

"Mama, mi nilitaka—"

"Mikono yako ni ya kushika kalamu, si mbao. Nikikuona tena humu nitakuvunja!"

Ulilia ukiegemea ukuta wa nje, na mi nilikusikia, na sikutoka. Kesho yake ulikuja kugonga, nikafunga kwa ndani. Ni hayo tu. Vumbi sikulijua. Ningelijua, ningetoka na mimi, ningemtoa na baba yako kwa kumburuta. Kilichokukinga ni hasira yangu na lile kochi. Ungeusugua vizuri ule mkono wa kiti, mwanangu, ningekupa nafasi pembeni yangu miaka yote hii, tungeimba pamoja nyuma ya dirisha lililofungwa, na daktari angetundika picha mbili zinazofanana. Hiyo ndiyo ungewaambia watu wa kanisa. Usinipe sifa nisiyokuwa nayo. Inanichoma.

Mwaka uleule Elia akaanza kukohoa. Kikohozi kikavu kwanza, halafu kikawa cha kumwinamisha. Akakonda, suruali ikawa inafungwa kwa kamba. Na kwetu, unajua tulivyo, mtu akikonda hatumwulizi anaumwa nini. Tunamwuliza amekula kwa nani.

Kwa nani? Kwa Mama Odeta. Ulimpenda sana, jirani yetu aliyekuwa anauza maharage yaliyopikwa, bintiye mlikuwa mnasukana nywele. Yeye Mrundi, mi Mkongomani, tulichotana maji na chumvi bila hesabu. Alipoona Elia hali chakula, akawa anamletea sahani ya maharage na mboga ya lengalenga kila mchana, amefunika kwa sahani nyingine. Watu wetu wakaanza kunong'ona. "Hii kikohozi si ya Mungu. Iko sumu." Nilikataa siku moja, siku ya pili nikanyamaza, siku ya tatu nikaamini. Nilimpeleka baba yako kwa mganga anayetapisha. Alikunywa mizizi, akatapika mpaka akashindwa kukaa, na mganga akachungulia kwenye beseni akasema, "Umeona? Ile pale." Niliona, Riziki. Naapa niliona kitu. Kilikuwa ni kipande cha jani.

Mama Odeta alikuja mchana ule na sahani yake. Nikaipokea mlangoni, nikatoka nayo uani watu wote wakiangalia, nikaimwaga chini.

"Sumu yako walishe batoto yako!"

Hakupiga kelele. Aliangalia maharage chini, akaniangalia. "Mana yanje, Mungu wangu, Mama Riziki. Ni maharage tu."

Baada ya hapo hakuna mtu aliyenunua chakula kwake. Nani angenunua? Elia alikufa, hakuja msibani, na watu wakasema mmeona, hakuja. Asingeweza kuja, ningemrukia. Kabla mvua haijaanza alihama, na we ukaniuliza binti yake ameenda wapi, nikakuambia usilitaje lile jina humu ndani. Ulitii. Ulikuwa mtoto mtiifu, ndiyo maana sasa nashangaa umejifunza wapi kubisha.

Halafu ikaja ile siku ya picha. Ulipotoka kununua maji, nilimwuliza daktari kama mume wangu naye alikufa kwa jambo hilihili. Akasema hawezi kumsemea mtu ambaye hakumwona. Lakini akaniuliza, huyo mume mlikuwa mnafanya kazi pamoja? Chumba kilekile? Dirisha limefungwa? Kila nilipojibu ndiyo, alitikisa kichwa. Huenda ni vumbi, huenda ni kitu kingine tena. Maharage ya Mama Odeta hayakuwa na kosa lolote, hilo nililijua palepale kwenye kiti.

Unakumbuka siku niliyokuambia naenda kwa mteja Gihosha? Hakukuwa na mteja. Niliulizia mpaka nikapata nyumba ya Mama Odeta. Kupanda kilima cha kufika kwake nilipumzika mara nyingi, watu wakafikiri mi ni mlevi. Nilimkuta anachambua mchele. Amezeeka, kama mimi. Hakushangaa. Alinipa kiti, akaendelea kuchambua mpaka pumzi yangu ikarudi.

Nikamwambia yote. Picha, daktari, dirisha, gunia. Nikasema, "Nilikukosea. Elia hukumuua we. Tulijiua wenyewe." Nikapiga magoti, jambo ambalo hata kanisani nalifanya kwa shida.

Akasema, "Inuka, Mama Riziki. Unakohoa." Akaingia ndani.

Alirudi na chupa ya fanta ya baridi. Unajua desturi ya hapa, mwenye nyumba anaonja kwanza kinywaji kabla hajampa mgeni, ili mgeni aone hakina kitu. Mtu anagusa tu mdomo, ni heshima, hakuna anayeiwazia. Mama Odeta alifungua chupa mbele yangu, akaiweka mdomoni, akanywa. Akaendelea kunywa. Alikuwa ananiangalia usoni na koo lake linapanda na kushuka, mpaka fanta ikafika nusu. Akaufuta mdomo wa chupa kwa kitenge chake, akanipa.

"Kunywa sasa," akasema. "Hakuna kitu ndani."

Nilijaribu. Haikupita. Nilikohoa mpaka ikatoka puani, na yeye akanipiga mgongo taratibu, kama unavyompiga mtoto. Halafu akanisindikiza hadi barabarani. Hakusema amenisamehe. Hakusema karibu tena. Nilitaka aseme hata moja tu, nikamsubiria pale njiani kama mjinga. Akasema, "Ugende buhoro," nenda polepole, akarudi kwenye mchele wake.

Usinitafutie faraja katika hilo, Riziki. Nimeshatafuta. Nilichopata ni fanta nusu. Lakini kule ukifika, na siku ukaumizwa na kitu usichokijua, nakuomba usikimbilie kuangalia aliyekuletea chakula. Angalia kwanza unapolala, unapofanyia kazi, unachovuta puani. Nimemaliza juu ya hilo.

Kuhusu mimi, nitaendelea na kazi umeme ukirudi. Utasema niache. Daktari naye alisema niache. Kuacha kungefaa zamani. Kuna kichwa cha kitanda kinaningoja hapa, kimekatwa na fundi yule wa barabara ya chini, hana mkono wa baba yako lakini anajitahidi. Soksi za dukani hazipo, nabandika zangu. Nafunga kitambaa chenye maji puani. Dirisha nimelifungua. Ndiyo, sasa. Cheka ukitaka, mi nilicheka.

Utapiga simu, nitapokea nikiwa na pumzi. Kuna siku itaita tu. Siku hiyo usimsumbue mchungaji, usimtume mtu aje kunigongea. Utakuwa umeshajua.

Ninachokiogopa ni kingine. Nakuogopea wewe kungoja, kwa sababu kungoja nakujua. We hukumjua bibi yako, mama yangu. Alikataa kuvuka nasi, alisema atafuata mavuno yakiisha. Atafuata! Kila meli au mtumbwi ukitoka Baraka, ng'ambo ya ziwa, mi niko bandarini. Wapakuaji mizigo walinijua, wakawa wananiambia kutoka mbali, "Mama, leo apana." Na nikirudi nyumbani sikutaka kununua kitu kizito. Baba yako alitengeneza vitanda vya maarusi wa nusu ya mji huu, na sisi tulilala kwenye mkeka, kwa sababu kila alipotaka kututengenezea nilikataa. Nilisema kitanda ni cha mtu aliyefika, sisi bado tunamngoja mama, tukiwa wote tutaamua tunakaa wapi. Elia alikata mbao mara mbili, na mara mbili nikamwambia auze. Miaka yake yote hapa alilala chini, mgongo unamwuma, akanivumilia. Kisha akaja mtu wa kwetu akasema mama alikufa msimu uleule tuliovuka, kabla hata ya mavuno. Nilikuwa naenda bandarini kumpokea maiti. Kitanda hiki ninacholalia nilikinunua Elia akiwa ameshakufa, kwa fundi mwingine.

Sasa nakuona we unataka kuanza kulekule. Utapata chumba, utaacha upande mmoja wa kabati wazi. Atakuja kijana mzuri atakuuliza, utamwambia mama kwanza. Hutapaka ukuta rangi. Utanunua vikombe viwili, kimoja hakitaguswa. Mi nitakuwa nimezikwa hapa na we bado unaenda uwanja wa ndege kuangalia watu wanaotoka.

Sitaki. Unanisikia? Nikikufikiria hivyo nakosa hata hii pumzi kidogo iliyobaki.

Nakupenda, mutoto wangu, na hilo nimekuambia mara chache kwa sababu nilikuwa na kelele za mashine na kelele zangu mwenyewe. Kesho nitakusindikiza mpaka kwenye gari. Ukinishika, nitakubandua vidole mbele ya watu wote, na unanijua. Panda. Kaa upande wa pili, usikae dirishani.

Na ukifika, wanasema kuna mtu wa ofisi atakupokea, atakuuliza maswali kabla ya kukupa nyumba: jina, umri, kazi unayoiweza. Mama mchungaji anasema watauliza pia kama kuna mtu wa kwenu anayekufuata, ili wajue wakupe vyumba vingapi. Hapo ndipo naogopa ulimi wako. Mkalimani atakuwepo, utajibu kwa lugha yetu, hutapotea. Mtazame huyo mtu machoni, Riziki, sema apana.

Mama yako